Petroli au betri: anayefyeka ndiye aulizwe

Masika yakikolea hapa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, majani hayamngoji mtu. Unafyeka Jumamosi hii, Jumamosi ya pili yake ukoka umeshafunga njia ya kwenda bombani, na kule mpakani mabingobingo yamekupita kimo. Sisi tulikua na slasha: unainama, unarusha mkono, unasimama kunoa, unaendelea. Siku hizi kuanzia saa moja asubuhi sauti ninayoisikia kutoka upande wa shule, upande wa zahanati na kwa majirani wenye viwanja vikubwa ni ya mashine ya kufyekea, ile ya kuvaa begani kwa mkanda, yenye bomba refu na kichwa kinachozungusha uzi wa nailoni au kisu cha chuma. Karibu zote ni za petroli. Ila za betri nazo zimeanza kuonekana, nyepesi na tulivu, na watu wakiniona na yangu wananisimamisha kuuliza: ninunue ipi?

Huwa nawarudishia swali. Itafanya kazi saa ngapi kwa siku, na mikononi mwa nani? Nikishajua hayo mawili, habari za nguvu, bei, moshi na kelele zinapata pa kukaa. Tatizo ninaloliona madukani ni kwamba anayelipia mashine mara nyingi siye atakayeibeba. Anatazama bei iliyobandikwa na ukubwa wa injini, analipa, anaondoka. Mkanda utafungwa begani mwa mtu mwingine, na huyo hakuulizwa chochote.

Tuanze na petroli. Mashine nyingi zinazouzwa Kariakoo na hapa Morogoro mjini, kwa kama laki mbili na nusu hadi laki nne, zina injini ya mapigo mawili, ya cc 43 au 52. Injini hiyo haina oili yake ya pembeni kama ya gari. Oili unaichanganya na petroli kwenye tangi, na mchanganyiko huo ndio unaolainisha pistoni na beringi wakati unapita kwenda kuungua. Ni injini nyepesi, ina vipande vichache, na inafanya kazi hata ukiilaza ubavu, ndiyo maana ikafaa kubebwa. Lakini ina kasoro ya kuzaliwa. Tundu la kuingizia mafuta mapya na tundu la kutolea moshi hukaa wazi kwa wakati mmoja, mafuta mapya yakiusukuma moshi wa zamani utoke, na sehemu ya hayo mafuta mapya, robo hivi na pengine karibu theluthi, hutoka nao nje bila kuungua. Katika kila lita nne unazonunua, moja hivi unaimwaga hewani ikiwa mbichi, pamoja na benzini iliyomo, kemikali ambayo inajulikana wazi kuwa inasababisha saratani ya damu. Wa kwanza kuivuta ni yule mwenye mkanda begani.

California walikaa wakalipima jambo hili. Bodi ya hewa ya jimbo hilo, CARB, ilikokotoa kwamba mashine ya kitaalamu ya kupulizia majani, yenye injini ndogo ya jamii hii, ikifanya kazi saa moja tu inatoa gesi za kutengeneza ukungu mchafu wa mijini sawa na gari dogo, Toyota Camry ya 2016, likienda maili 1,100. Hizo ni kilomita kama 1,770. Ni kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, kisha kugeuza na kurudi mpaka uipite Singida. Hapo haizungumziwi hewa ya ukaa. Zinazungumziwa zile gesi zinazowasha macho na kubana kifua. Gari lina vifaa vya kuusafisha moshi wake, na injini yake inaunguza karibu mafuta yote. Mashine ya begani ina bomba fupi la moshi lililo nusu mita kutoka mgongoni mwa mtu.

Kijana anayetufyekea mtaani kwetu ni mchapakazi, na mashine yake anaijua. Ninamheshimu kwa hilo. Anachanganya mafuta kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, akipima oili ya 2T, ile ya injini za mapigo mawili, kwa kifuniko cha chupa. Siku moja nilimwomba tupime. Kifuniko kile kinabeba mililita tano, au sita kikijaa pomoni. Mashine yake inataka oili sehemu moja kwa petroli sehemu 25, yaani mililita 40 kwa lita, mililita 60 kwa chupa yake. Yeye alikuwa anaweka vifuniko vinne. Injini yake ya kwanza ilinoki ndani ya mwaka, na siku zote aliamini aliuziwa mbovu. Huenda ndivyo, lakini oili ya mililita 24 mahali pa 60 inatosha kabisa kuikausha pistoni ikang'ang'ania ndani ya silinda. Wenye mashine nzuri zaidi wanaambiwa 50 kwa moja, mililita 20 kwa lita. Kibandiko kiko ubavuni mwa tangi, kwa Kiingereza au Kichina, na hakuna aliyemsomea.

Siku hiyohiyo niligundua jambo lililoniumiza zaidi. Alipofika alinisalimu, "Shikamoo mama," nikaitika, nikamuuliza watoto hawajambo. Hakunisikia. Nikarudia. Akasogea, akaelekeza sikio la kulia. "Nisamehe mama, jioni masikio huwa yanapiga mluzi mpaka nalala." Ana umri wa mwanangu wa pili.

Kipimo cha juu cha kelele kinachopendekezwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa afya kazini, ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zinapoongezeka muda unakatwa nusu. Mashine za mapigo mawili zikikazwa hutoa desibeli 95 hadi 100 sikioni mwa anayezibeba. Piga hesabu: kwenye 97 mtu ameshamaliza fungu lake la siku nzima ndani ya nusu saa. Yule kijana hufanya saa tano. Mashine ya betri nayo ina sauti, kwa kuwa uzi unapasua hewa, lakini nyingi ziko kati ya 80 na 90, na ukiachia kitufe zinanyamaza kabisa. Kimya hicho cha katikati ya kazi kina thamani kubwa, kwa sababu ndicho kinachomwezesha mtu kusikia mtoto anayekuja nyuma yake. Mashine hizi hurusha mawe, na umbali unaotakiwa kati yake na watu wengine ni mita 15.

Baada ya hayo yote, petroli nisiionee. Lita moja ya petroli imebeba nishati ya uniti tisa hivi za umeme. Betri nzuri ya mashine ya kufyekea, ya volti 36 na Ah 5 (Ah ni kipimo cha chaji inayoingia ndani ya betri), imebeba Wh 180, yaani volti mara Ah. Wh elfu moja ndiyo uniti moja, kwa hiyo hata robo ya uniti haifiki. Kwa hiyo lita moja ni sawa na betri hamsini. Chukulia kwa ukali kabisa kwamba injini inapoteza sehemu tisa katika kumi kwa joto, kelele na mafuta yanayotoka mabichi. Kinachobaki bado ni betri tano. Kibuyu cha lita nne kinaning'inizwa kwenye baiskeli. Betri ishirini zitaning'inizwa wapi? Huyu kijana anafanya kazi Mzinga leo na Kingolwira kesho, kwenye viwanja ambavyo havijavutiwa umeme. Tena mashine yake ikigoma, fundi yeyote wa pikipiki anaifungua: anachomoa plagi, anaisugua, anasafisha kabureta, anabadilisha kamba ya kuwashia, na kabla ya saa sita mtu amerudi kazini.

Kuna pia suala la aina ya majani. Uzi wa nailoni wenyewe ulitokana na wazo la George Ballas wa Houston, Texas. Mwaka 1971 alitazama brashi za kuoshea magari zinavyozunguka, akatoboa kopo tupu, akapitisha uzi wa kuvulia samaki, akalifunga kwenye mashine ya kukatia kingo za bustani. Alitaka kusafisha kuzunguka miti bila kuijeruhi. Kazi hiyo, ya majani laini kuzunguka miti, kuta na ngazi, haidai nguvu nyingi, na betri inaiweza vizuri sana. Mabingobingo yaliyokomaa ni habari nyingine. Yanataka kisu cha chuma na injini isiyolegea kisu kikibanwa. Mashine kubwa za betri za kampuni zinazojulikana zinaweza, ila bei zake zinapita milioni moja bila taabu, na betri moja haimalizi nusu saa.

Kwa hiyo mtu akiniambia ana eka tatu za shamba la migomba na anataka kufyeka kutwa, simshauri betri. Kuna njia ya kati ambayo watu wengi huipita kwa sababu ya bei ya mwanzo, nayo ni mashine ya injini ndogo ya mapigo manne. Honda GX35, ya cc 35.8, ndiyo inayojulikana zaidi. Petroli unaiweka tupu, oili ina mahali pake, hakuna kupima kwa kifuniko, na mafuta mabichi hayatoki kama kwenye ile nyingine. Ni nzito kidogo. Inataka mwenyewe akumbuke kumwaga oili chafu na kuweka mpya, asipokumbuka itanoki kama zile zingine. Lakini mapafu ya anayeibeba yanapata nafuu kubwa, na mafuta yanayonunuliwa yanapungua.

Sasa kwa mwenye kiwanja cha makazi, robo eka au pungufu. Hapa msimamo wangu ni betri, na sababu ya kwanza si moshi wala kelele. Ni mapumziko. Mashine ya nyumbani inafanya kazi saa moja, kisha inakaa wiki mbili, na kiangazi inakaa miezi. Petroli iliyobaki kwenye kabureta inaruka taratibu, vile vyepesi vinakwenda kwanza, na kinachobaki kinakuwa kama gundi inayoziba vitundu vyembamba kuliko sindano. Mvua zinarudi, mtu anavuta kamba mara thelathini, anachoka, anamwita fundi. Nimeona mashine za petroli ambazo zimetengenezwa mara nyingi kuliko zilivyofyeka. Wanaozimudu ni wale wanaomwaga tangi na kuiacha injini ijizime yenyewe kila baada ya kazi, na ni wachache wenye subira hiyo. Betri iliyohifadhiwa kivulini ikiwa na nusu ya chaji inakusubiri miezi minne, unaweka, unabonyeza, unafyeka.

Lakini kuna utapeli kwenye betri, na nataka kuueleza kwa kirefu, kwa kuwa unawala watu wenye fedha za mawazo.

Ndani ya betri hizi kuna seli ndogo za duara, zinazofanana na betri za tochi lakini nene kidogo. Kila seli ni volti 3.6 kwa wastani, na ikijaa kabisa ni 4.2. Ukiunganisha tano kwa mfuatano unapata volti 18, zikijaa 21. Ndiyo maana mashine zilizoandikwa 18V, 20V na 21V ni kitu kimoja. Tofauti ni kwamba mwenye kiwanda mmoja kaandika wastani na mwingine kaandika kilele. Kumi kwa mfuatano ni 36, na wengine huziita 40. Mpaka hapo hakuna uongo. Uongo unaanzia kwenye zile zilizoandikwa 48, 88, 128 na hata 198, zikifuatiwa na herufi moja ndogo ambayo haina maana yoyote ya kiumeme.

Nilinunua moja ya namna hiyo, imeandikwa 88 kwa tarakimu kubwa za njano. Kwenye ukoka mwepesi ilinipa dakika sita. Niliirudisha dukani nikaambiwa labda sikuichaji vizuri. Basi nikaipeleka kwa fundi wa simu, kijana makini, akafungua skrubu nne akanigeuzia ndani. "Mama, hesabu mwenyewe." Nikahesabu tano. "Tano tu, mwanangu?" "Tano tu. Na hizi ni za Ah moja na nusu." Tano mara 3.6 ni 18. Kumi na nane mara moja na nusu ni Wh 27. Nilikuwa nimeuziwa jina la volti 88, na mkononi nina nishati ndogo mara saba kuliko betri halisi ya Wh 180.

Kwa hiyo sahau volti. Tafuta Wh. Kama haikuandikwa, zidisha volti za kweli kwa Ah. Kama huziamini namba zote, ipime kwa mkono au kwa mzani wa dukani: seli moja ya aina hii iliyoenea ina uzito wa gramu 45 hivi, hivyo betri yenye seli kumi haiwezi kuwa nyepesi kuliko karibu nusu kilo, na gamba lake bado hujalihesabu. Betri inayodai makubwa lakini mkononi ni nyepesi kama sabuni ya kuogea, iache hapohapo. Kwa uzi wa nailoni kwenye ukoka wa kawaida, Wh 180 itakupa dakika ishirini na tano hivi. Panga kazi yako kwa hesabu hiyo.

Jambo jingine ni mdomo wa betri. Kila kampuni ina umbo lake, na betri ya huyu haiingii kwa yule. Mwenye drili ya betri nyumbani, au ambaye mume wake au kaka yake ni fundi seremala mwenye vifaa vya aina fulani, atafute mashine ya kufyekea ya mdomo huohuo. Bei ya betri ndiyo sehemu kubwa ya bei yote, na ukishakuwa nazo mbili, mashine yenyewe unainunua tupu. Hapa kwetu mdomo wa Makita wa volti 18, uliokuwepo tangu 2005, umeigwa na viwanda vingi vya China, kwa hiyo hata betri zake zikichoka hukosi pa kupata nyingine. Sisemi kila ya kuigwa ni nzuri. Zifungue, hesabu seli.

Turudi kwa yule kijana, maana watu wenye nia njema huniambia: mnunulie basi ya betri aache kuvuta moshi. Tulikaa naye barazani tukapiga hesabu. Kwa siku anatumia lita nne. Petroli tuliiweka shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni 12,000, na oili kama 1,600. Jumla 13,600. Kwa betri angehitaji kuchaji mara ishirini, uniti nne za umeme ukihesabu na zinazopotea kwenye chaja. Kwa bei ya kawaida ya LUKU, kama shilingi 350 kwa uniti na kodi zake, ni 1,400. Alipoona namba hiyo alicheka kwa furaha. Nikamwambia ngoja. Betri ina umri. Za lithiamu za kawaida hukubali kuchajiwa mara mia tano hivi kabla hazijalegea. Tukichukulia betri nzuri inauzwa laki nne, kila kuichaji ni kama kuchoma shilingi 800 za mwili wake. Mara ishirini ni 16,000. Jumla kwa siku 17,400.

Umeme ni rahisi, betri ndiyo ghali. Na kama anazo sita za kupokezana, kila moja inachajiwa mara tatu kwa siku na zaidi, zitakuwa zimechoka zote kabla ya mwaka. Betri zikifika mara elfu moja, kama baadhi ya zile bora zinavyoweza zikitunzwa mbali na jua, hesabu inageuka: 9,400 kwa siku, na petroli imeshindwa. Lakini huyu hana milioni mbili na laki nne za kununua betri sita akisubiri zimthibitishie. Kwangu mimi, ninayefyeka mara mbili kwa mwezi wakati wa mvua, betri zitakufa kwa uzee kabla hazijafika hata mara mia mbili. Kifaa kilekile kinampendelea mwenye matumizi madogo na kumkaba mwenye matumizi makubwa.

Hapo ndipo ninapotaka wenye maeneo makubwa wasikie: shule, hoteli, vyuo, halmashauri, makanisa na misikiti yenye viwanja. Ninyi mna soketi ukutani. Mna mtaji, au mnaweza kukopa. Eneo lenu halihami, kwa hiyo betri hazihitaji baiskeli. Na majani yenu, yanayofyekwa kila wiki yakiwa laini, ndiyo hasa ambayo betri inayamudu. Mkitangaza zabuni ya usafi wa mazingira mnaandika idadi ya wafanyakazi na eneo, halafu mnachukua aliyetaja bei ndogo. Mwenye bei ndogo ndiye mwenye mashine ya bei ndogo. Andikeni kwenye zabuni kelele isizidi kiasi gani sikioni. Andikeni kwamba vifaa vya kuzibia masikio na miwani vinatolewa na mwajiri. Hilo si ombi, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 imeshamwekea mwajiri wajibu wa kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Au mnunue mashine na betri wenyewe, mkandarasi alete watu.

California walipoamua, hawakumwachia mtunza bustani mzigo wote. Gavana Gavin Newsom alisaini sheria ya jimbo iitwayo AB 1346 Oktoba 2021, kanuni iliyofuata ikauweka mwaka 2024 kuwa mwanzo wa kuachana na injini mpya ndogo za petroli, waliokuwa na mashine zao wakaruhusiwa kuendelea kuzitumia, na jimbo likatenga dola milioni 30 kuwasaidia wafanyakazi wa bustani kununua vifaa vipya. Bado wengi wao walisema fedha hizo hazitoshi, na ninawaelewa. Sisi hatuna mfuko wa namna hiyo. Lakini umeme tunao kuliko miaka iliyopita. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha Februari 2024, na chaja inayovuta wati mia mbili ni mzigo mdogo kuliko pasi.

Betri nayo ina deni lake, na sitalificha kwa kuwa nimeipendelea. Nyingi za vifaa hivi zina kobalti ndani. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, na sehemu kubwa inatoka Kolwezi na vijiji vyake, ambako watu wanazungumza Kiswahili kama sisi, na ambako wachimbaji wadogo, watoto wakiwemo, wameshuka kwenye mashimo yasiyo na nguzo. Unapoitupa betri baada ya miaka miwili kwa kuwa uliiacha kwenye jua juu ya gari, unachokitupa kimetoka kule. Na inapoishia jalalani ikatobolewa na jembe au tingatinga, inashika moto usiozimika kirahisi. Huku kwetu hakuna ndoo ya kuziweka betri zilizokufa hata kwenye maduka yanayoziuza. Ninachofanya ni kuzipeleka kwa yule fundi wa simu. Anazipima seli moja moja; mara nyingi imekufa moja tu na kuziangusha zile nyingine tisa. Anazichomelea upya kwa utepe wa nikeli, zinarudi kazini. Vijana wanaojua kazi hiyo ni wachache bado, na vyuo vyetu vya VETA vingefanya jambo la maana sana kuifundisha.

Nyumbani kwangu tumefika hapa. Nina betri tatu, nilizinunua moja moja kwa miaka miwili. Kijana anakuja Ijumaa alasiri akitoka kwenye kazi za petroli, mashine yake anaiegemeza kwenye mwembe. Anavaa ya kwangu. Betri ya kwanza inamaliza upande wa barabarani, ya pili nyuma ya nyumba, ya tatu inakuwa imetoka kwenye chaja alipomaliza chai. Mabingobingo ya mpakani anayakata kwa slasha, asubuhi ya Jumamosi, yakiwa bado na umande. Ijumaa iliyopita nilimwita kutoka barazani, sikupaza sauti, akageuka.